Filamu Moja, Mikasi Miwili

Mwezi Mei 1984, watazamaji wa tamasha la Cannes, Ufaransa, walikaa ukumbini dakika 229 kutazama Once Upon a Time in America, filamu ya Mwitaliano Sergio Leone kuhusu vijana wa Kiyahudi wa New York waliotajirika kwa magendo ya pombe. Ilipokwisha walisimama wakapiga makofi. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo, filamu yenye jina hilohilo ilifunguliwa katika majumba ya sinema ya Marekani. Hii ya pili ilikuwa ya dakika 139. Kazi iliyogharimu dola milioni 30 hivi haikurudisha hata milioni 6 katika soko hilo.

Gene Siskel, mhakiki wa Chicago, aliyatazama matoleo yote mawili. Lile refu alilihesabu kuwa filamu bora ya mwaka, na lile fupi kuwa mbovu kuliko zote. Waigizaji ni walewale, kamera ni ileile ya Tonino Delli Colli, muziki ni uleule wa Ennio Morricone. Wengi hueleza tofauti hiyo kwa kuzitaja dakika 90 zilizotupwa, na hiyo ni nusu ya jibu. Filamu ndefu hukatwa kila mwaka na nyingine hunufaika. Hii iliuawa na waliokaa chini wakaipanga upya ili ieleweke.

Kisa chenyewe, kikinyooshwa, ni kifupi. Noodles na Max wanakutana utotoni katika mtaa wa Lower East Side, wakati ambapo marufuku ya pombe, iliyoanza kutekelezwa Marekani Januari 1920, imefungua soko la haramu kwa kila mwenye ujasiri. Noodles anafungwa kwa kuua. Anapotoka ni mtu mzima na genge limenawiri. Desemba 1933 marufuku inaondolewa, biashara inakatika, na Max anaanza kuota kuvamia benki ya Federal Reserve, jambo ambalo ni sawa na kujiua. Noodles anaona njia moja tu ya kumwokoa: awachongee wenzake kwa polisi usiku wanaosafirisha shehena ya mwisho ya pombe, wakamatwe, wakae ndani kidogo, wazimu upoe. Yaani anawauza kwa kosa ambalo sheria yake yenyewe ilikuwa inakata roho. Kwa anavyojua, wenzake watatu wanauawa. Anatoroka mji, na mwaka 1968 anarudi akiwa mzee, baada ya kupata barua inayoonyesha kwamba kuna mtu anayejua alikojificha.

Ukisimulia hivyo, una kisa cha kawaida cha majambazi. Leone hakusimulia hivyo hata kidogo. Anaanza mwaka 1933, mambo yakiwa yameshaharibika. Mwanamke anauawa chumbani na watu wanaomtafuta Noodles. Noodles mwenyewe, aliyeigizwa na Robert De Niro, amelala katika nyumba ya kuvutia kasumba, karibu na jukwaa la vikaragosi vya vivuli. Hapo simu inaanza kulia. Inalia juu ya sura yake, inaendelea kulia juu ya maiti tatu zilizolazwa barabarani kwenye mvua, inalia kwenye sherehe ya kuizika marufuku ya pombe, ambako keki imetengenezwa kama jeneza. Noodles anaingia ofisini, ananyanyua mkono wa simu, anapiga namba, na mlio bado unaendelea. Unakoma pale tu mkono mwingine unapoipokea simu hiyo kwenye meza ya sajini wa polisi. Imeshalia zaidi ya mara ishirini.

Kiufundi, hili ni jambo la ajabu kuliko linavyoonekana. Kwa kawaida mhariri hutumia sauti kuunganisha picha za mahali pamoja na wakati mmoja. Hapa Leone na mhariri wake Nino Baragli wanafanya kinyume: sauti moja isiyokatika inapita juu ya nyakati tatu ambazo hazifuatani. Masikio yanaambiwa ni dakika moja, macho yanaambiwa ni siku kadhaa. Mtazamaji hajui ni simu gani wala ni nani alimpigia nani, lakini mlio unamkera, na anapoona uso wa De Niro anaanza kuuhusisha na kero hiyo. Hatia inaingia mwilini kabla ya habari kuingia kichwani. Itachukua saa tatu nzima kabla hajaambiwa kwa maneno kwamba simu ile ilikuwa ya kuwachongea.

Watu wa studio waliotengeneza toleo fupi waliipanga hadithi kwa mstari mmoja: utoto, ujana, uzee. Katika mpangilio huo uchongezi unatokea mahali pake kwenye kalenda, mtazamaji anauona, anauelewa, anaendelea mbele. Hakuna kilichomkera tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kutulizwa wala kutoneshwa.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua mbinu ya kisengerenyuma. Katika sinema nyingi huja na tangazo lake: mhusika anatazama dirishani, picha inafifia, sauti inasema anakumbuka. Leone hatangazi. Kila anapovuka mwaka anatafuta kitu cha kushikika kiwe bawaba. Mwaka 1933 Noodles anafika stesheni, anakuta sanduku lililotakiwa kuwa na akiba ya genge limejaa magazeti ya zamani, anakata tiketi ya Buffalo na kusimama mbele ya ukuta wenye picha ya Coney Island. Kamera inabaki. Kufumba na kufumbua, kwenye kioo hapohapo kuna uso wa mzee, picha ya ukutani imebadilika, na muziki umegeuka kuwa wimbo wa enzi ya Beatles. Miaka 35 imepita bila neno moja kusemwa. Baadaye mzee huyo anabeba sanduku usiku chini ya daraja, na kisahani cha plastiki cha kuchezea kinapita hewani juu ya kichwa chake; mkono unanyooshwa kudaka, na mkono huo ni wa Max, miaka ya 1930, ukipokea mzigo wa Noodles siku anayotoka jela.

Bawaba ninayoipenda kuliko zote ni tundu la ukutani. Noodles mzee anaingia chooni kwenye baa ya rafiki yake Fat Moe, anapanda, anachungulia. Macho yanayochungulia ni ya mtu wa miaka sitini na kitu. Kinachoonekana upande wa pili ni Deborah, aliyempenda tangu utotoni, akiwa msichana mdogo, akicheza dansi stoo, katikati ya magunia, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Msichana huyo ni Jennifer Connelly katika filamu yake ya kwanza. Hakuna ukungu, hakuna sauti ya msimulizi. Utoto wote wa filamu, sehemu iliyo bora kuliko zote, unaingilia kwenye tundu hilo, na kwa hiyo kila tunachokiona humo tunakiona kwa macho ya mzee aliyekwishapoteza. Yule mtoto mwingine wa genge anayenunua keki ya krimu ili amhonge msichana, kisha akaimaliza mwenyewe kwa ulimi pale ngazini akingoja, anachekesha. Lakini tumeshaiona maiti yake kwenye mvua. Mpangilio wa studio, licha ya kukata sehemu kubwa ya utoto huo, uliiondoa maiti hiyo isitangulie, na kicheko kikabaki kicheko.

Kuna mbinu ya magendo ndani ya filamu inayofanana na kazi ya mhariri. Watoto wanawaeleza wakubwa wa biashara namna ya kuokoa mzigo pale doria inapokaribia: makasha ya pombe yafungwe mifuko ya chumvi na kutoswa majini. Chumvi inayazamisha, ikishayeyuka, maboya yanayainua tena juu. Leone anazizamisha habari zake vivyo hivyo. Mojawapo ya zile maiti tatu imeungua hata haitambuliki, na kibandiko tu ndicho kinachosema ni ya Max. Sanduku halina fedha. Vyote vinatoswa katika nusu saa ya kwanza na kuibuka mwishoni. Toleo fupi lilivitosa vikaibuka papo hapo.

Muziki nao ulifungwa katika mfumo huohuo. Morricone aliutunga sehemu kubwa kabla ya kamera kuanza kazi, na Leone aliupiga wakati wa kurekodi ili waigizaji waende na mwendo wake. Ndiyo maana watu wanatembea polepole namna ile, na ndiyo maana ukikata sekunde kumi za picha umekata pia pumzi ya zumari la Gheorghe Zamfir. Jina la mtunzi lilisahauliwa kwenye orodha ya majina ya toleo la Marekani, na kazi hiyo haikuwania hata Oscar. Waingereza walimpa tuzo ya BAFTA, na nyingine wakampa Gabriella Pescucci kwa maleba.

Kuhusu ujenzi wa mandhari nitasema machache, kwa kuwa sifa zake hazina ubishi. New York ya Leone iko Brooklyn, lakini pia iko Roma. Stesheni moja ni Gare du Nord ya Paris, na mgahawa wa kifahari wa ufukweni ni hoteli ya Lido, Venice. Usipoambiwa hutajua.

Si kila lawama iliyotupiwa filamu hii ilitokana na mikasi. Noodles anambaka Deborah ndani ya gari, na kamera inakaa humo kwa muda mrefu unaoumiza. Tukio hilo naweza kulielewa: linamvua shujaa heshima yote tuliyokuwa tumempa, na filamu hairudi tena kuomba tumpende. Lakini lile la mwanamke mwingine, Carol, wakati wa wizi wa almasi limechezwa kwa mzaha, kana kwamba mwanamke kubakwa ni kichekesho cha kupoza mvutano. Waliolilalamikia tangu 1984 walikuwa na haki, na urefu wa toleo hauliponyi.

Tofauti kubwa ya mwisho iko kwenye dakika za mwisho. Katika toleo fupi, mwanasiasa Bailey, ambaye ndiye Max aliyejificha miaka yote, anajipiga risasi nje ya picha. Tunasikia mlio, kesi imefungwa. Katika toleo la Leone anatokea barabarani, lori la taka linapita kati yake na Noodles, na likishapita hayupo. Kisha tunarudishwa 1933, kwenye nyumba ya kasumba, ambako Noodles anavuta, analala chali na kutabasamu. Wapo wanaoamini kwamba yote ya 1968 ni ndoto ya kasumba, na Leone mwenyewe aliuacha mlango huo wazi. Mimi siingii. Mtu wa 1933 hawezi kuota televisheni ya rangi na kisahani cha plastiki. Ninachokiona katika tabasamu lile ni mtu aliyepata mahali ambapo simu haisikiki.

Leone alifariki Aprili 1989 bila kutengeneza filamu nyingine. Mwaka 2012 Cannes ilionyesha toleo lililokarabatiwa la dakika 251, lenye maonyesho yaliyookotwa kutoka kwenye nakala chakavu za chumba cha uhariri. Rangi zake zimepauka na mshono unaonekana wazi, tena mengine yanaeleza mambo ambayo ukimya ulikuwa umeyaeleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiikuta popote, kabla hujabonyeza angalia urefu wake. Ikiwa ni dakika 139, achana nayo. Ikiwa ni 229, anza na hiyo, na simu ikianza kulia usipunguze sauti. Ile ya 251 itunze kwa mara ya pili.