Wameshajulishwa Nyumbani Kwao?

Jioni ya Januari 15, 2019 nilikuwa Katoro, Geita, kwenye kibanda cha chai, al-Shabaab wakiwa bado ndani ya DusitD2, Nairobi. Simu zilipokezana picha. Moja ilitoka kwenye tovuti ya New York Times: watu wameuawa mezani mgahawani, kompyuta zao mbele yao. Mchimbaji mmoja aliitazama, akailaza simu kifudifudi. "Hawa," akauliza, "wameshajulishwa nyumbani kwao?"

Sijasoma uhakiki bora zaidi wa picha ile.

Watu 21 waliuawa. Picha ilitoka kabla shambulio halijaisha, ndugu wakipiga simu zisizopokelewa. Wakenya wakataka iondolewe, gazeti likakataa: linaonyesha ukatili ulivyo, na lingefanya hivyo popote. (Hasira nyingi zilimwangukia mwandishi wake wa Nairobi, ambaye hakuichagua. Hapo tulikosea mlango.)

Utetezi huo si wa kupuuza. Septemba 12, 2001 gazeti hilohilo lilichapa picha ya mtu akianguka kutoka mnara wa New York, na Wamarekani nao wakalalamika. Lakini yule alipigwa kwa mbali, na hadi leo jina lake halijathibitishwa. Wa Nairobi walipigwa kwa karibu. Utasema nyuso hazikuonekana vizuri. Mama hahitaji uso. Anamjua mwanawe kwa mgongo, kwa shati aliloondoka nalo asubuhi.

Huku Usukumani msiba hautolewi hovyo. Unapigiwa simu: "Njoo nyumbani, baba anaumwa kidogo." Moyoni unajua, lakini unasafiri ukilishika hilo "kidogo" hadi ukute watu wa kukupokea. Na machimboni kuna sababu nyingine ya kutoharakisha. Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka. Wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41.

Kwa hiyo kosa la picha ile naliona kwenye saa yake kuliko kwenye damu yake. Kuua ni nusu tu ya kazi ya gaidi. Nusu ya pili ni kuhakikisha tunaona, na tunaona upesi. Mhariri hakuombwa afiche ukweli milele. Kusubiri hadi kesho yake kungetosha: ndugu wangekuwa wameambiwa na mtu, ana kwa ana, wakiwa wamekaa.