Juu ya Kiswahili cha Masharti ya Maduka ya Mtandaoni

Nia yangu katika maneno haya machache ni kutazama aina moja ya maandishi ambayo sisi wana-lugha hatujazoea kuyahesabu kuwa yastahili uhakiki, nayo ni masharti ya matumizi ambayo maduka ya mtandaoni huwawekea wanunuzi wao. Diwani ya mashairi ikitoka, hatukosi watu wa kuipima neno kwa neno. Lakini masharti haya, yanayogusa mfuko wa mtu, husomwa na mwanasheria siku ya ugomvi tu, na mwanasheria hasomi kwa jicho la sarufi.

Kisa chenyewe kilinifika nyumbani. Nilinunua taa ya mezani katika duka moja la mtandaoni lenye masharti kwa Kiswahili, nikalipa kwa simu, na siku ya tatu kijana wa pikipiki akaniletea sanduku. Nilipolifungua, kioo cha taa kilikuwa vipande vitatu. Nikaandika kuomba fedha zangu. Jibu lilikuja kwa adabu, na ndani yake mlikuwa na sharti ambalo, kwa maelezo yao, nilikwisha kulikubali: kwamba bidhaa iliyovunjika hairudishwi.

Kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza ajua ya kuwa kikombe kilichovunjika si kikombe kilichovunjwa. Cha kwanza kiko katika hali fulani, na nani au nini kilichokifikisha hapo, kitenzi hakisemi. Cha pili kina mtendaji hata asipotajwa, na neno “na” liko tayari kumleta: kimevunjwa na mpagazi, kimevunjwa na mnunuzi. Kiingereza hutumia umbo moja kwa mambo haya mawili, kwa hiyo mwandishi wa sheria wa huko hulazimika kueleza pembeni ni uvunjaji wa wakati gani na wa mkono wa nani. Mfasiri akilichukua umbo hilo peke yake, akalitia katika kauli ya kutendeka, amefuta swali lote la dhima kwa silabi moja. Hasara yamwangukia yule ambaye kitu kimekutwa mkononi mwake, yaani mnunuzi. Sisemi kuwa mfasiri alikusudia hila. Nasema kuwa matokeo ni yale yale kama angalikusudia.

Tena, ni nini kisichorudishwa? Katika maandishi haya kitendo cha mnunuzi kurudisha kitu dukani na kitendo cha muuzaji kurudisha fedha huitwa kwa neno moja. Na mara nyingine yote mawili huitwa “marejesho”, neno ambalo mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa hulijua kuwa ni malipo ya mkopo wake. Msomaji mwenye subira ataona kuwa sharti nililoletewa, likipimwa kwa sarufi, lilikataa kuipokea taa. Juu ya fedha halikusema neno. Na dawa ya utata huu haitafutwi mbali. Kauli ya kutendea, ambayo Kiingereza hakina, imekuwa mlangoni petu siku zote: “mnunuzi atarudishiwa fedha zake”, au kama muuzaji ni mgumu, “hatarudishiwa”. Hapo yajulikana ni nani apataye na ni nini apatacho.

Jambo la pili ni matumizi ya kitenzi “kuweza”. Mifano ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa kufuata desturi ya maandishi hayo, ili nisimtaje muuzaji yeyote. “Tunaweza kubadilisha bei wakati wowote.” “Agizo lako linaweza kusitishwa.” Katika Kiingereza cha sheria neno lililofasiriwa hapa latoa mamlaka: muuzaji ana haki ya kubadilisha bei, wala haulizwi. Katika Kiswahili, msomaji wa kawaida hufahamu kuwa jambo hilo lamkinika, kama mvua inavyoweza kunyesha. Amedhani ameonywa juu ya bahati, kumbe ametia sahihi juu ya mamlaka. Lakini zamu ya mnunuzi ikifika, lugha hukaza mshipi ghafula: “ni lazima”, “unatakiwa”, “sharti ulipe”. Hivyo haki za muuzaji zimevikwa nguo za uwezekano, na wajibu wa mnunuzi umeachwa uchi. Kama duka lina haki, na liseme “tuna haki ya kubadilisha bei”. Na kama ni uwezekano tu, “huenda” na “yamkini” hazijafa.

Walakini kosa baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kauli ndogo ya maneno mawili: “kama ilivyo”. Wauzaji wa Kiingereza wasemapo kuwa kitu chauzwa katika hali yake, maana yao ni kwamba hawaahidi lolote juu ya uzima wake. Sasa mwambie mtu wa Kariakoo kwamba bidhaa hii yauzwa kama ilivyo. Atatazama picha, atarudi kutazama maandishi, naye atafurahi, maana ameahidiwa kuwa kitakachokuja ni kile kile alichokiona! Tafsiri imegeuza kukana dhamana kuwa ndiyo dhamana yenyewe. “Pamoja na ila zake zote” ingalikuwa kauli ya kweli, ingawa naona kwa nini muuzaji hapendi kuiandika.

Neno “ila” lanikumbusha kwamba hatukuanza jana kuandika habari za mauzo. Wafanyabiashara wa pwani, waliofuata fikihi ya Kishafii, walijua ya kuwa muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana kikaoni, na ya kuwa mnunuzi aliyegundua ila ya tangu mwanzo aweza kukirudisha kitu. Hiari, ila, dhamana, arbuni, rehani: maneno haya yote yamo katika kamusi zetu, na kila moja lina mpaka wake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011 juu ya haki za watumiaji, humpa anunuaye kwa mbali siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Nimewasikia wanafunzi wangu wakiziita “kipindi cha kupoa”, kana kwamba mnunuzi ni uji. “Siku za hiari” zingetosha, na mzee wa Lamu angalielewa bila kufasiriwa.

Na kukubali je? Neno hili nalo lilikuja pamoja na mwenzake: ijabu na kabuli, tamko la mmoja na pokeo la mwingine, mambo yanayosikika hata leo katika majlisi ya ndoa. Mtu hawezi kukubali asichotamkiwa. Masharti ya mtandaoni husema kwamba kwa kuitumia tovuti umekwisha kukubali, na uzito wa ukubali wa namna hii ulionekana tarehe 1 Aprili 2010, duka la michezo ya kompyuta la Uingereza, GameStation, lilipotia kwa mzaha kifungu cha kulimilikisha duka roho ya mnunuzi. Watu wapatao 7,500 walikubali. Mahakama nazo zimeanza kushuku. Mwezi wa Agosti 2011 mtu mmoja wa California aliagiza vishikwambi viwili katika duka la mtandaoni la Barnes & Noble, na kesho yake akaambiwa kuwa agizo limefutwa kwa wingi wa wanunuzi. Aliposhtaki, kampuni ilidai kuwa masharti ya matumizi yamfunga apeleke shauri kwa mwamuzi badala ya mahakama. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ilikataa: kiungo kilichowekwa chini ya kila ukurasa, bila mnunuzi kutenda jambo lolote la kuonyesha ridhaa yake, hakikutosha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji nayo yataka muuzaji ampe mnunuzi nafasi iliyo wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha makosa, kabla mapatano hayajafungwa.

Mtu aweza kusema kuwa haya ni kazi ya mawakili, nasi tubaki na viambishi vyetu. Siafiki. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hakimu atakapoletewa masharti ya duka kwa Kiswahili, na mbele yake amesimama mama aliyelipa kwa simu akaletewa kitu kibovu, tofauti ya kuvunjika na kuvunjwa ndiyo itakayoamua kama atalala na fedha yake au bila yake. Hapo viambishi vyetu vina bei.

Haki yatudai tuseme pia kuwa maduka yaliyojitaabisha kuandika kwa Kiswahili ni bora kuliko yale yasiyojaribu, na mfasiri anayelipwa kwa idadi ya maneno hana nafasi ya kukaa na kamusi. Lakini yako maandishi mengi ambayo, mwishoni kabisa, huweka sharti kwamba Kiswahili na Kiingereza vikipingana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Yaani mnunuzi alisoma lugha moja, na amefungwa na nyingine. Sharti hilo lingewekwa juu, katika mstari wa kwanza, angalau msomaji angejua ni nini alichoshika mkononi.

Kuhusu taa yangu, niliandika mara ya pili, nikaeleza kwa upole habari za kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, nikauliza duka linadai kuwa kioo kilivunjwa na nani. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kwa Kiingereza.