Hofu Isiyotisha: Filamu za Uchawi na Kisa cha Kisii na Nyamira

Imekuwa desturi kwa wahakiki wetu kuzipita filamu za kutisha na tamthilia za majini bila ya kuzitupia jicho, kana kwamba hazistahili kalamu ya msomi. Desturi hiyo haina msingi. Kazi itazamwayo na halaiki ya watu kila jioni huenda ikawa na nguvu kuliko riwaya isomwayo na wachache darasani, na yapasa ipimwe kwa mizani ile ile ya fani na maudhui tupimiayo tungo nyingine. Makala haya yanajaribu kufanya hivyo. Dai letu ni moja: kwamba nyingi ya filamu hizi hazitishi, na hazitishi kwa kuwa zimeikimbia hofu yenyewe. Ili kulithibitisha dai hilo tutazipeleka Kisii na Nyamira, katika nchi ya Abagusii, ambako hofu ya uchawi imeua watu.

Kwanza tutende haki. Fani hii ilianza na ahadi kubwa. Katika Living in Bondage, iliyotoka Nigeria mwaka 1992, Andy anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, kisha mzuka wa mke unamwandama. Kinachotisha pale ni tamaa ya mume. Mzuka ni dhamiri yake iliyopewa umbo. Lakini Karishika (1996) iliihamisha hofu kutoka moyoni mwa binadamu ikaiweka katika mwili wa kiumbe wa kike aliyetumwa na Ibilisi, na Dar es Salaam ikaipokea njia hiyo, kama ionekanavyo katika Shumileta ya Mussa Banzi (2005). Tangu hapo kanuni imekuwa karibu moja. Pana mgonjwa, pana ajuza jirani, pana radi, macho mekundu na meno ya bandia, kisha huja mganga au mhubiri, na mwisho moto. Mtazamaji aliyeona tatu ameona thelathini.

Kasoro ya kwanza ya kanuni hii ni ya kifani. Hofu hukaa katika shaka. Asikiaye mlango ukigongwa usiku huogopa kwa sababu hajui agongaye ni nani; akishamwona, hofu hugeuka kuwa jambo jingine. Watengenezaji wa filamu hizi hawaivumilii shaka hata kwa robo saa. Kamera hutuonyesha mapema ajuza akipaa juu ya mapaa ya nyumba, nasi hatuna tena la kujiuliza. Hapo ndipo kasoro ya fani inapogeuka kuwa kasoro ya maudhui. Kijijini, tuhuma ni neno la mtu dhidi ya mtu. Katika filamu, kamera huwa shahidi, na daima humshuhudilia mwenye kutuhumu. Mtazamaji huketishwa upande wa umati kabla umati haujakusanyika, na moto uwashwapo, yeye hushusha pumzi kwa faraja.

Sasa tuyatazame yaliyotokea. Mnamo Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na umati uliowatuhumu kuwa wachawi. Wanahabari waliofika huko waliripoti kuwako kwa daftari la shule, lililodaiwa kuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya wale ambao wangefuata kurogwa. Msomaji wa jarida hili, ambaye kazi yake ni kusoma matini, na atue hapo kidogo. Wachawi walioandika kumbukumbu za mkutano! Mwandiko ulikuwa wa nani? Nani aliwasomea wenziwe kwa sauti? Je, palikuwapo mmoja aliyeulizia mwandiko, akanyamazishwa, au akanyamaza mwenyewe kwa kuchelea jina lake lisije likaongezwa? Daftari hilo latisha kuliko mizuka yote ya studio. Nasi hatujaona filamu iliyothubutu kulifungua.

Wala kisa hicho hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Justus Ogembo, katika kitabu chake cha 2006, alichunguza mauaji ya namna hiyo yaliyozuka Gusii kati ya 1992 na 1994. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Katika sensa ya 2019 kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Si kila tuhuma ina shamba nyuma yake. Hata hivyo, pale ardhi inapogawanywa hadi ikawa ukanda, mjane mzee aliyebaki juu ya kipande chake huweza kuonekana kuwa kizuizi. Filamu zetu humwonyesha ajuza usiku. Mchana, wakati watu wanapopima mipaka, hazimwoni.

Kasoro ya pili ni ya lugha, nayo yatuhusu sisi zaidi. Ekegusii hupambanua. Omorogi ni yule adhaniwaye kudhuru wenziwe kwa siri, usiku. Omonyamosira ni mtaalamu wa dawa anayeajiriwa kuikinga nyumba na kulipiza kisasi dhidi ya omorogi. Omoragori, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hutafuta chanzo cha msiba kwa kupiga ramli. Ebirecha ni mizimu ya wahenga, ambayo huenda ndiyo iliyoleta maradhi kwa kuwa imesahauliwa. Maana yake ni kwamba ugonjwa mmoja waweza kuwa na maelezo zaidi ya moja, na jamaa hulazimika kuyajadili. Mjadala huo peke yake ni mchezo wa kuigiza. Filamu huufagia wote kwa neno moja, 'mchawi', na kwa kufanya hivyo huziba milango yote isipokuwa ule wa kumtafuta jirani. Kiswahili hakina umaskini huo: kina mlozi, aliye ndugu wa omorogi kwa mzizi, kina mwanga, mganga, mpiga ramli, koma, pepo na zimwi. Umaskini ni wa waandishi wa filamu.

Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, alieleza katika mhadhara wake wa 1954 kwamba mchawi hudhaniwa kuwa adui aliye ndani ya lango. Basi swali la kutisha ni hili: ni nani miongoni mwetu? Na kwa bibi mzee aishiye peke yake liko swali zito zaidi: je, watasema ni mimi?

Huenda tukaambiwa kwamba twaibebesha filamu mzigo usio wake. Kwamba mauaji haya ni ya zamani kuliko kanda za video, na kwamba watu hutazama ili wastarehe. Hoja ya kwanza twaikubali. Hatusemi kwamba filamu imeua mtu, wala hatudai sanaa iwadhihaki wanaoamini. Kuhusu starehe, malalamiko yetu ni kwamba hata hiyo haipatikani, kwa kuwa mtazamaji ajuaye mwisho tangu mwanzo hastareheki.

Kwamba jambo hili lawezekana, mifano ipo. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), aliiacha hofu ya mzimu ifanye kazi yake, kisha akamtuma Bwana Msa aufuate mkono wa binadamu. Rungano Nyoni, katika I Am Not a Witch (2017), alimwonyesha mtoto wa kike wa Zambia aliyetuhumiwa, akafungwa utepe mrefu ili asiruke. Twacheka, kisha twaona haya kwa kucheka. Hapa Kenya, The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King ni filamu ya mambo halisi kuhusu bibi mzee wa Kilifi aliyetuhumiwa na jamaa zake, huku ugomvi wa ardhi ukiwa nyuma ya tuhuma. Haina mzuka hata mmoja, nayo yatisha. Kilifi ilikuwa barua, Kisii, daftari. Maandishi yenye kuua ni somo ambalo idara za lugha haziwezi kulikwepa.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1925, ina kasoro zake. Lakini iliona jambo ambalo watengenezaji wetu hawajaliona: pamoja na ajidaiye kuwa na nguvu za uchawi, ilimhesabu kuwa mkosaji pia yule anayemtaja mwenziwe kuwa mchawi bila ya kufuata njia iliyowekwa. Mtajaji huyo bado hajapata filamu yake. Twamngoja mwandishi wa Kisii au Nyamira atakayeiweka kamera ndani ya nyumba ya mjane, atuache tusikie nyayo uani bila ya kutuambia mapema ni za nani. Wakati tukingoja, na tuanze kuzihakiki kwa dhati hizi tulizonazo, na kukusanya istilahi za lugha zetu ili mwandishi huyo akija asikute maneno yamepotea.