Mavazi na Tabaka katika Vibonzo vya Tanzania baada ya Azimio la Arusha

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, yamehifadhi baadhi ya vitu vyake binafsi. Mgeni afikaye huko kutoka Musoma, au kutoka Mwanza kupitia Bunda, huwa amekwisha kumjua mwenyewe kwa mavazi: suti isiyo na tai, kofia, na kifimbo mkononi. Alama hizo chache zinamtosha mchora vibonzo. Akiziweka tu, msomaji humtambua mhusika kabla ya kuutazama uso. Ugumu huanza pale zinapovaliwa na wengine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Halikumwambia avae nini. Katika vibonzo vya Ulaya vya karne ya 19, kofia ndefu na koti jeusi vilitosha kumtambulisha bwanyenye. Mchoraji wa Tanzania hakuwa na urahisi huo, kwa kuwa vigogo wengi walivaa suti ileile ya Mwalimu. Vazi la usawa likageuka sare ya wakubwa. Ndiyo maana kejeli ilihitaji kuhamia mwilini: kitambi kinachosukuma vifungo vya suti ya kijamaa kinasema jambo ambalo hotuba za jukwaani zilisitasita kulisema. Hapo kibonzo kinafanya kazi yake.

Hakifanyi hivyo kila mara. Mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, wigi na suruali za kubana, utani wa magazetini nao uliwageukia wavaaji. (Suti za Kizungu za wanaume hazikuguswa na marufuku hiyo.) Kejeli iliyopaswa kupanda ikashuka: karani wa kike mwenye mshahara mdogo akachekwa kwa upindo wa sketi, kana kwamba upindo huo na kitambi cha bosi wake vimetokana na unyonyaji uleule.

Jina la Lodi Lofa, mhusika wa jarida la Sani, linaonesha njia nyingine. Ulodi na ulofa vimekutanishwa ndani ya mtu mmoja. Kinachochekwa si ufukara wake wala mtindo wake, bali umbali uliopo kati ya majivuno na mfuko. Msomaji aliyewahi kuazima shati la kwendea harusini aliweza kujiona humo, akacheka bila kumdharau mtu.