Zima Stima Uone Kazi ya Fundi

Nyumba inayojiendesha haipimwi siku ya kukabidhiwa. Siku hiyo kila kitu huitika: geti linafunguka kwa simu, pampu inajaza tangi, taa za uani zinawaka jua likizama. Ngoja mvua ya Kisii. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima ya Gusii alasiri, radi hupiga, stima hupotea. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Nazungumzia mifumo inayokaa kwenye kompyuta ndogo humo humo nyumbani, bila kutegemea seva ya kampuni ya ng'ambo. Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ndiyo inayojulikana zaidi. Kuiweka nyumbani ni uamuzi mzuri. Mwaka 2016 huduma ya Revolv, iliyoendesha vifaa vya nyumbani kupitia seva zake, ilizimwa, vifaa vyake vikabaki mapambo. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya aina hiyo, zilinyamaza ghafla. Lakini mzigo uliobebwa na kampuni sasa uko mabegani mwa fundi wako, na lazima umkague.

Anza kwa kuzima swichi kuu bila kumwonya. Ngoja kidogo, washa tena, usiguse simu. Mfumo mzuri huamka wenyewe. Tazama taa: balbu janja nyingi, zikiachwa zilivyotoka kiwandani, huwaka zote stima inaporudi, hata kama ni saa nane usiku na watoto wamelala. Tazama na saa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza wakati, huuliza intaneti. Stima ikirudi kabla ya intaneti, kompyuta huamka ikiamini ni wakati uliokwisha kupita, na taa za uani huchelewa. Fundi makini huongeza kijisaa chenye betri. Ni kitu cha bei ndogo, lakini nikikikuta huwa natulia.

Kisha fungua kijisanduku cha kompyuta. Home Assistant huandika historia ya kila sensa muda wote, kwa hiyo memori kadi huchakaa, na stima ikikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika. Nataka kuona diski ya SSD na UPS. Fuata pia waya unaoingia ardhini. Radi hupitia nyaya za antena na za mtandao, si za stima peke yake. Aliyekinga soketi tu amefanya nusu ya kazi.

Ninachokipa uzito kuliko vyote ni swichi ya ukutani. Nyumba nyingi nzuri za Keroka, Ogembo na Nyamira zimejengwa na watoto walioko ng'ambo, wengi wao Minnesota, lakini anayelala humo ni mama. Mama akibonyeza swichi aliyoizoea, taa iwake, hata kompyuta ikiwa imekufa. Rilei ndogo nyuma ya swichi hufanya hivyo bila shida. Balbu janja pekee haiwezi: ikizimwa ukutani, mfumo hauioni tena. Nikikuta swichi zimefungwa kwa selotepu ili zisiguswe, sihitaji kukagua zaidi. Kazi hiyo haijakwisha, na mama hapaswi kuadhibiwa kwa ajili yake.

Toleo jipya la Home Assistant hutoka kila mwezi, na baadhi ya matoleo huvunja yaliyokuwa yakifanya kazi. Simwamini anayesasisha siku ileile linapotoka, wala aliyeacha mfumo miaka mitatu bila kuugusa. Mwombe arudishe mfumo wote kutoka kwenye nakala ya akiba, kwenye diski tupu, mbele ya macho yako. Wengi huwa na nakala. Wachache wamewahi kuijaribu.

Shikilia sehemu ya malipo hadi mvua za Aprili zipite, na mkubaliane hivyo mapema. Nywila zote ziandikwe kwenye karatasi, zihifadhiwe pamoja na hati ya shamba.