Lafudhi ya Mzee Ojwang haikuwa kejeli

Kuna watazamaji waliomfuata Mzee Ojwang Hatari kwa miaka na mikaka wakiamini ni Mluo wa kuzaliwa. Alipofariki Julai 2015 na magazeti kuchapisha jina lake halisi, Benson Wanjau, wapo waliogutuka: kumbe ni Mkikuyu! Mkewe wa kwenye runinga, Mama Kayai, naye ni Mary Khavere, mzaliwa wa jamii ya Waluhya. Basi familia ya Kiluo iliyojulikana kuliko zote katika sebule za Kenya haikuwa na Mluo kati ya baba na mama.

Jambo hilo limezoeleka kusimuliwa kama kichekesho. Mimi naliona kama suala la lugha na la uhakiki. Je, mwigizaji anayeazima lafudhi ya jamii nyingine anaidhihaki jamii hiyo au anaisikiliza?

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Lahaja ni namna ya Kiswahili yenye msamiati na sarufi yake, kama Kimvita au Kiamu. Lafudhi ni namna ya kutamka tu. Alichovaa Wanjau studioni ni lafudhi, na nyingi ya lafudhi zetu Wakenya huzaliwa pale sauti za lugha ya kwanza zinapokutana na zile za Kiswahili.

Hebu tuangalie kazi iliyokuwa mbele yake. Dholuo hakina sauti /sh/, hakina /z/ wala /v/. Kwa hiyo Mluo asiyezoea Kiswahili huweza kusema “sida” badala ya shida, na “msee” badala ya mzee. Gikuyu nacho kina mitego yake. Hakitofautishi /ch/ na /sh/, ndiposa chai hugeuka “shai”. Wala hakitenganishi /l/ na /r/, hata kula na kura zikawa kitu kimoja. Vijana huita tabia hii kushrabu.

Ukizipanga sambamba utaona kwamba lafudhi hizi mbili zinavuta pande tofauti. Pale ambapo ulimi wa Mkikuyu hukimbilia /sh/, ule wa Mluo huikwepa. Mluo hutenganisha /l/ na /r/ bila taabu. Ili awe Ojwang, Wanjau alihitaji kuzima mazoea ya ulimi wake kabla ya kuwasha ya mwenzake, tena katikati ya mazungumzo ya kasi, akibishana na Mama Kayai asiyempa nafasi ya kupumua.

Kuna na suala la ngeli. Gikuyu ni lugha ya Kibantu; ngeli zake zinashabihiana na za Kiswahili. Dholuo ni ya Kinailoti na haina upatanisho wa aina hiyo. Mbantu anayeigiza Mnailoti akikosea ngeli inambidi akosee kwa mpangilio, pale ambapo Mluo angekosea, si ovyo ovyo tu. Wanaodhani kuigiza Kiswahili kibovu ni rahisi wajaribu dakika tano. Makosa ya kubuni yasiyo na mantiki masikio huyakataa mara moja.

Walimu wa Kiswahili wamekuwa na malalamiko yao: kwamba vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwafunza watoto kuharibu lugha. Hofu hiyo naielewa, ila nadhani imekosea mlengwa. Mtoto hucheka “sida” kwa sababu anajua ni shida. Kicheko chenyewe ni ushahidi kwamba usanifu ameshaupata, la sivyo angecheka nini? Isitoshe, nje ya darasa na mimbari, Vitimbi kilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo familia za makabila mbalimbali zilikaa pamoja jioni zikasikiliza mazungumzo marefu kwa Kiswahili.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Ojwang alikuwa mzee wa maringo, mpenda sifa. Maringo ndiyo sifa ambayo Wakenya wengine wamezoea kuwabandika Waluo. Hapo tuseme ukweli: mhusika huyu alianzia kwenye dhana potovu. Hakubuniwa kutoka hewani.

Lakini mwigizaji hupimwa kwa pale alipomfikisha mhusika. Katika uhakiki wa fasihi tunatofautisha mhusika bapa, mwenye sifa moja isiyobadilika, na mhusika mviringo, mwenye pande nyingi kama binadamu. Maandishi ya Vitimbi mara nyingi yalimpa Wanjau mhusika bapa. Visa vilijirudia, na mara nyingi ungeotea mwisho kabla ya nusu ya kipindi. Yeye akamjaza huyo mzee hofu ya kudharauliwa nyumbani kwake, tamaa ya pesa za haraka, na mapenzi kwa mke anayemshinda akili. Ujanja wake ulipomrudia, hatukumcheka Mluo. Tulimcheka baba yetu, mjomba wetu na jirani, awe wa Murang'a au wa Siaya.

Uigizaji wake ulikuwa wa jukwaani zaidi kuliko wa filamu. Vitimbi kilichezwa ndani ya vyumba vichache, kamera zikitazama kutoka mbele kama hadhira ukumbini. Hapakuwa na mandhari ya kumsaidia, wala muziki wa kumfichia udhaifu. Silaha zake zilikuwa sauti, uso na mwili, na kati ya hizo sauti ndiyo iliyobeba mzigo. Ukifumba macho bado utamwona.

Hapa ndipo anapotengana na baadhi ya wachekeshaji waliofuata. Kundi la Redykyulass, lililovuma mwishoni mwa utawala wa Rais Moi, liliiga sauti ya mtu mmoja mwenye mamlaka, na kuiga huko kulikuwa ujasiri. Ila siku hizi mara kwa mara utamsikia mchekeshaji akitamka neno moja kwa lafudhi ya kabila fulani, ukumbi ukavunjika mbavu, mambo yakaishia hapo. Hakuna mhusika, hakuna kisa. Kabila lenyewe limekuwa mzaha.

Kipimo ninachopendekeza ni chepesi. Ondoa lafudhi, kisha uulize kama kichekesho kimebaki. Kwa Ojwang kinabaki: mume anayejitia mwerevu na mke aliyemtangulia hatua mbili wanachekesha hata kwa Kiswahili cha Lamu. Kwa wengi wa wanaomwiga, ukiondoa lafudhi unabaki na kimya.

Suala hili halihusu burudani peke yake. Katika nchi iliyoona yaliyotokea 2007 na 2008, lafudhi inaweza kumfichua mtu mbele ya asiyemtakia mema. Wanjau aliichukua alama hiyohiyo ya utengano akaifanya ya kupendwa nyumbani kwa kila mtu kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yake yalipofifia uzeeni, Wakenya walichanga pesa za matibabu bila kuuliza yeye ni Ojwang au Wanjau. Lakini mchango si pensheni, na msanii aliyeijenga runinga ya taifa hakustahili kufika huko.

Hifadhi ya KBC ina hazina ya vipindi hivi. Wanafunzi wa isimujamii na wa sanaa za maonyesho wapewe fursa ya kuvisikiliza kwa kalamu mkononi, wahesabu sauti, wapime makosa ya ngeli. Watagundua kwamba mzee aliyetuchekesha alikuwa msikilizaji makini wa lugha ya jirani yake, jambo ambalo wengi wetu hatujalijaribu.