Kabla Hujausifu Moto, Ulizia Maji

Juzi nimesikia tena mtambo wa biogesi ukisifiwa: wageni wamezunguka jiko, moto wa bluu umesimama, makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza maji yanatokea wapi. Mtambo mpya wowote hutoa moto wa bluu. Njoo Julai, alfajiri ya baridi, usikie bomba linavyokoroma na moto unavyorukaruka hadi kuzimika.

Gesi hutoka kwenye kuba la mtambo imeshiba mvuke. Mita moja ya ujazo yenye nyuzi 30 hubeba karibu gramu 30 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15, zaidi ya nusu hugeuka matone humohumo bombani. Hayazuiliki. Kazi ya fundi ni kuyapa njia.

Asiyejua huridhika akiuona mtego wa maji, pale matone yanapokusanywa. Mtego hausaidii kitu bomba likiwa na tumbo, yaani limebonyea mahali maji yakatuama. Mimi hukagua mtaro kabla haujafukiwa: toka kwenye kuba bomba lishuke, toka jikoni lishuke, yote yaelekee mtegoni, walau sentimita 1 kwa kila mita. Pima maji fupi hudanganya kwenye mtaro mrefu. Tumia mpira angavu uliojazwa maji. Na chini ya bomba pashindiliwe, maana udongo uliolegea huzama mvua ya kwanza na tumbo hujitengeneza lenyewe. Mzee mmoja, miongoni mwa mafundi waliopikwa kituo cha CAMARTEC, Arusha, miaka ya 1980, alikuwa akimimina lita moja ya maji upande wa jikoni na kuikinga mtegoni. Ikipungua zaidi ya kinachobaki kwenye kuta za bomba, mtaro ulichimbwa upya, hata jioni, hata mwenye nyumba akinuna. Siku hizo bomba lilikuwa la chuma, maungio yakifungwa kwa katani na grisi. Kazi ile ilikuwa na heshima.

Kuna fundi mwingine, simtaji, ambaye hupuliza bomba kwa pampu usiku wa kuamkia ukaguzi. Huyo ndiye aliyepigiwa makofi. Chemba ya mtego aliisakafia kwa saruji ili ua upendeze.

Chemba ifunguke kwa mkono mmoja. Isiyofunguka ni kaburi. Mtego wa U, unaozibwa na maji yenyewe, kwenye kuba lisilosogea siukubali: shinikizo laweza kukaribia mita moja ya maji, na U ya nusu mita itapulizwa, gesi yote ipotee. Weka koki, maji yamwagwe kila wiki. Maji yakilala na gesi ile inayonuka yai viza, hata koki ya shaba huliwa.